Msafiri Hafungi

Kina mama wa Alhamisi, nimewasikia. Kuna anayesema nilisilimu huko Sericho. Kuna anayesema nilipata kipindupindu. Na kuna mmoja, anajijua, anayewaambia watu nyuma ya jikoni ya kanisa kwamba nilizimia nilipopumuliwa na ngamia. Mnataka kujua mbona nimerudi na mtandio wa mama Mborana, na mbona siku hizi nikiambiwa nifungue maombi nasema maneno machache na kuketi. Haya, kaeni niwaeleze mara moja, halafu tuache kunong'onezana.

Kwanza kuna kitu hamkujua. Mnaniita Transfoma kwa sababu Pasta alisema moto wa kanisa hili unapitia kwangu. Sitadanganya, nililipenda hilo jina kuliko lile la ubatizo. Lakini mnajua transfoma ikilipuka inavyokuwa. Inabaki pale pale juu ya mlingoti, imetulia, na mtaa mzima hauna stima. Mimi nililipuka siku tuliyomzika dada yangu Karimi. Alipougua tulimfungia siku ishirini na moja, mimi nikiongoza, na nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu kwamba kufunga kwangu hakujawahi kuniangusha. Tangu siku hiyo, miezi minne, nikipiga magoti ninaona sakafu tu. Sauti mliyokuwa mkiisikia Alhamisi ilikuwa mazoea. Sikuwa ninaomba.

Sasa katika hali hiyo ndipo Mwalimu Ekiru, yule Mturkana anayeongoza Wakristo wachache walioko Sericho, akaomba atumiwe mtu wa kuwafundisha nguvu ya ndani kwa neema, na Pasta akanitaja mimi. Ningesema nini? Nikakubali, nikaandika somo la kurasa kumi na nne, "Hatua Saba za Kujijengea Nguvu," kisha nikaweka mapatano na Mungu. Nitafunga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, maji tu. Nikifika Sericho bado mkavu, nitarudi nikabidhi daftari la maombi kwa mama mwingine, na kanisani msinione tena. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa jikoni kwangu. Jibu sikupata.

Isiolo mpaka Kula Mawe

Gari lilikuwa lori la Yusuf. Yusuf ni wa zile familia za Wasomali wa mjini ambao mababu zao waliletwa na jeshi la Mwingereza, na yeye husema babu yake aliambiwa angoje gari hapo Isiolo, gari halikuja, ndiyo maana wajukuu wakaamua kununua yao. Mzaha huo aliusema mara tatu kabla hatujatoka mjini. Kati yetu aliketi Mama Halima, Mborana wa makamo, mfanyabiashara wa nguo kutoka Garbatulla anayepeleka mzigo Sericho. Alinisalimu salaam aleikum, nami kwa kiburi cha mtu aliyefunga nikamjibu Bwana asifiwe. Yusuf akaitikia zote mbili ili tuondoke.

Yusuf hawezi kumpita mtu. Kila mwenye mifugo kando ya barabara ni lazima asimame amuulize habari za watoto, mbuzi, malisho na jirani wa yule mtu, kisha aanze tena upya kana kwamba mbuzi wamebadilika. Mimi nilikuwa nimenyamaza dirishani nikijitayarisha kuwa na nguvu. Njaa ilianza saa nne. Saa tano tukaingia mahali panapoitwa Kula Mawe. Jamani, mtu amefunga na anapitishwa Kula Mawe! Niliona kama Mungu amepata sauti tena na anaitumia kunitania.

Kinna

Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo tulipofika Kinna, Yusuf alienda msikitini, na sisi akina mama tukaingia hoteli ya Khadija, mama mnene mcheshi ambaye chapati zake unazinusa kwa mbali. Akaniwekea mbili na kikombe cha chai ya maziwa bila kuniuliza. Nilikuwa nimeshika chupa yangu ya maji, nikanywa funda moja, nikafuta midomo, nikasukuma sahani pole pole ili kila mtu aone.

"Asante mama, lakini mimi nimefunga."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana balaa lote lilianzia hapo. Khadija aliitazama ile chupa. Akamtazama Halima. Kwa Mwislamu, mtu aliyefunga hatii hata tone la maji kinywani. Sasa huyu amefunga, na anakunywa maji mchana mbele ya watu. Kama hajafunga ya Mungu, basi ni nini chake kimefunga? Kimebaki kitu kimoja tu. Wakaongea Kiborana kwa sauti ya chini, na nikaona nyuso zao zikijaa huruma. Mimi nikadhani wameguswa na kujitoa kwangu.

Khadija akaketi karibu nami, akaniuliza kwa upole hii kufunga ilianza lini. Nikamwambia tangu nikiwa msichana, kila Alhamisi. Akashika kichwa. Akauliza kama haiumi. Nikamjibu inauma, tena sana, lakini mtu akivumilia ndipo anapata nguvu. Akauliza kama nyumbani kwangu ni mimi peke yangu. Nikacheka, nikamwambia hapana, ni kanisa lote, na kila mwezi wa kwanza tunafunga siku ishirini na moja mfululizo, pasta akiwa wa kwanza.

"Kanisa yote?" akasema Halima. "Siku ishirini na moja? Na ikifunguka?"

"Ikifunguka tunaimba na kucheza."

Halima akasema kweli, hata yeye angecheza. Khadija akasema ni maji ya Isiolo mjini, yana chumvi, hata mjomba wake yalimfanya vibaya. Niliona hapo mazungumzo yamepotea kidogo, lakini nikasema moyoni kwamba mambo ya rohoni ni magumu kwa wasioyajua.

Rapsu

Tulipaswa kupakia vitunguu Rapsu na kuondoka siku hiyo hiyo. Vitunguu vilikuwa bado ardhini. Mwenye shamba alikuwa amesema kwenye simu "viko tayari," akimaanisha yeye ndiye yuko tayari. Tukangoja kando ya mfereji mpaka jua likashuka, tukarudi kulala Kinna, tukaenda tena asubuhi. Mimi sikuweza hata kukasirika. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia nikisoma Hatua ya Tatu, "Mtu wa Nguvu Hategemei Mtu," na herufi zilikuwa zinatembea.

Hapo ndipo wakaanza kuniletea mapapai. Mzee wa kwanza alileta moja, akalikata mwenyewe, akanihimiza nile na mbegu zake. Nikakataa. Mke wake akaja na lingine, akaniambia nisione haya, hata yeye alipata hiyo shida alipokuwa na mimba. Shida gani? Nikamwambia hii si shida, hii ni hiari. Alinitazama kwa uchungu mwingi, akaenda kumwambia mumewe, na mzee akaongeza papai la tatu. Mpaka tunaondoka nilikuwa na mapapai manane miguuni na nimeyashinda yote. Nikajihesabia kuwa majaribu manane. Halima alikuwa akiyatazama yale mapapai, akinitazama mimi, akitikisa kichwa.

Yusuf naye alikuwa amepiga simu Garbatulla. Nilimsikia akisema kuna mama wa kanisa kwenye gari ambaye hali yake imekuwa mbaya, siku ya pili sasa. Nikaona vizuri, angalau huyu anaelewa.

Garbatulla

Pancha mbili. Ya kwanza Yusuf aliziba. Ya pili ilimfanya aketi chini ya lori na kuanza kuwasalimu hata kunguru. Tulifika Garbatulla Jumamosi alasiri, tukakaribishwa kwa mama yake Halima, ajuza asiyeona lakini masikio yake yanasikia mchwa akitafuna. Anaitwa Ayyo, yaani mama, na nyumba nzima inamtii.

Ayyo alikuwa amekwisha kuambiwa juu yangu. Akanishika mkono, akanipapasa tumbo bila aibu, akasema neno moja, na maziwa ya ngamia yakaletwa katika chombo cha kusukwa, yakinuka moshi. Nikaanza kusema nimefunga. Wote wakaitikia kwa pamoja kwamba ndiyo, ndiyo, wanajua, na ndiyo sababu. Halima akaniinamia akaniambia mama yake amewatuma ndugu wakamkamue ngamia mmoja maalum, aliyekula mti fulani, na kwamba maziwa ya mkono wa mama mzee hayakataliwi. Ukiyakataa ni kama umemwambia amekwisha kufa.

Nilikaa na kile kikombe. Niliwaza kwamba maziwa ni kinywaji. Kinywaji ni jamaa ya maji. Na kama maji yanaruhusiwa, maziwa ni maji tu yaliyobahatika. Mnacheka, lakini siku mbili bila chakula zinaweza kumfanya mtu kuwa mwanatheolojia. Nikanywa. Ayyo alikuwa amegeuza sikio anahesabu mafunda. Kikaletwa cha pili. Nikanywa. Kwa cha tatu nilijaribu kumdanganya kwa kumeza mate kwa kishindo, na Ayyo akacheka akasema kitu ambacho Halima alikitafsiri: hiyo ilikuwa mate.

Nililala na aibu. Nilijua nimevunja mapatano. Mungu hakuwa amejibu hata nilipofunga vizuri, sasa angejibu nini mtu aliyeshindwa na ajuza kipofu?

Uwanda wa kwenda Sericho

Kati ya Garbatulla na Sericho kuna mahali ambapo nchi imelazwa chini kabisa. Hakuna mti, hakuna kichaka, hakuna jiwe la kumficha hata mjusi. Nawaeleza hivyo kwa sababu ni hapo hapo, Jumapili asubuhi, yale maziwa yalipokumbuka kazi yao.

Nilimwambia Yusuf asimame. Akauliza kuna mtu wa kusalimu? Nikamwambia asimame. Nilishuka nikiwa nimeshika kurasa kumi na nne, kwa kuwa ndizo zilizokuwa mkononi, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona upeo wa dunia pande zote. Mimi, Transfoma. Sikuwa na nguvu ya kwenda mbele wala ya kujizuia, na nilisikia kinywa changu kikisema, "Bwana, nisaidie."

Halima alikuwa ameshuka nyuma yangu. Alivua ule mtandio wake mkubwa, akaufungua na upepo, akanizungushia, akausimamisha kwa mikono miwili akiwa amenipa mgongo. Kichwani alibaki na kitambaa kidogo tu, jua linampiga. Akamfokea Yusuf kwa Kiborana, na Yusuf akageuka akatazama upande wa Somalia muda wote huo. Upepo ulipogeuka, Halima aligeuka nao. Nilipokwisha nilimpa mkono akaniinua. Hatua zote saba zilikuwa zimetumika.

Akanivika ule mtandio mabegani, uso wake unang'aa, akasema, "Alhamdulillahi, mama, imefunguka."

Nikauliza nini imefunguka. Akasema tumbo. Nikamwambia tumbo langu halijawahi kufunga hata siku moja. Tukatazamana. Nikaanza kumweleza, naye nikamwona anarudi nyuma kimawazo polepole, papai kwa papai, mpaka Kinna.

"Kwani ulikuwa umefunga ya Mungu? Na maji?"

"Sisi maji tunakunywa."

Alikaa chini kwenye kivuli cha lori. Yusuf alikuwa amegeuka sasa, na alipoelewa alilazimika kushika taa ya mbele asianguke kwa kicheko. Kanisa yote, alikuwa akisema, siku ishirini na moja! Mimi nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, na sikuweza kuacha. Nikamweleza Halima mambo yote, ya Karimi, ya sakafu, ya mapatano yangu na Mungu jinsi nilivyoyavunja kwa vikombe viwili. Nilimwambia naenda kufundisha nguvu na mimi sina hata kidogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Mama, si wewe uko safarini? Msafiri hafungi. Mungu mwenyewe amemwambia kula."

Hiyo ni sheria yao, najua, si yetu, na nyinyi msije mkanipeleka kwa Pasta. Lakini nilikaa pale vumbini nikiwaza juu ya Mungu anayemwona mtu yuko njiani, amechoka, na badala ya kumkagua anamwambia kula. Nilikuwa nimefundisha neema miaka mingapi? Nikiifundisha kwa kurasa, hatua ya kwanza, hatua ya pili, kana kwamba ni ngazi. Na nikakumbuka yale maneno mawili niliyoyasema pale uwandani. Bwana, nisaidie. Yalikuwa maombi. Yalikuwa maombi yangu ya kwanza kwa miezi minne, na sikuyaandaa, na jibu lilifika kabla sijamaliza kuchuchumaa.

Halima alikata papai moja. Nilikula na mbegu zake.

Sericho

Mwalimu Ekiru alikuwa amesimama barabarani kunipokea, amevaa koti. Neno la kwanza aliloniambia ni pole, wamesikia habari zangu, na muuguzi wa zahanati amebaki kazini kwa ajili yangu. Simu ya Yusuf ilikuwa imefika mbele yetu. Nikamwambia nimepona, aniletee tu maji kidogo ya kunawa.

Aliniletea beseni zima. Sericho, ambako nilikuwa nimewapita akina mama wamepanga mitungi ya manjano wakingoja maji ambayo hayajafika, nililetewa beseni limejaa mpaka pembeni. Nikakataa, nikasema kikombe kinatosha. Mke wa Ekiru akasema mgeni hapimiwi, akafunga mlango aniache nioge. Nilioga nikilia, na sitasema zaidi.

Kanisa lao ni chumba cha mabati, na watu walikuwa saba: walimu, askari wawili, yule muuguzi, na mama mmoja Mturkana aliyelala kwenye benchi. Halima aliketi nje mlangoni, akasema anangoja mtandio wake. Ekiru akanikaribisha kwa maneno makubwa, Transfoma kutoka Isiolo, mwenye nguvu. Nilisimama, nikashindwa, nikaketi juu ya mtungi uliogeuzwa.

Niliwaambia ukweli, hata wa kifo cha dada yangu Karimi. Kwamba somo niliwaandalia lakini liliishia njiani, wasiniulize wapi. Kwamba nilikuja kuwaletea nguvu na sikufika nayo, ila nilibebwa na Mwislamu wa Garbatulla, ajuza asiyeona, mapapai manane, na maji yao wenyewe. Kwamba nilidhani Mungu hutoa nguvu kwa wanaoweza kusimama, na nimemkuta chini, mahali ambapo mtu hawezi. Nikasema basi. Hayo yalichukua muda mfupi kuliko matangazo yetu ya Jumapili.

Nikataka kuwaombea, kama kawaida. Yule askari mkubwa akasema, mama, leo tukuombee wewe. Mjue tangu niokoke hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, mimi ndiye huitwa kuombea. Walikuja wakaniwekea mikono, saba wote, na walipomtaja Karimi kwa jina nilisikia moyoni kitu kikiachia. Sikuambiwa kwa nini alikufa. Sijaambiwa hata leo. Lakini nilipofumba macho sikuona sakafu.

Kurudi

Halima alikataa mtandio. Alisema umeshaona mengi, ubaki na mwenye siri yake.

Nilirudi na Yusuf siku ya tatu. Akamsalimu kila mtu njiani na kila mtu aliniuliza mimi habari za tumbo. Kinna tukaingia kwa Khadija. Aliniona, akaacha chapati ikaungua, akaja akanishika mabega mbele ya hoteli nzima, madereva na wazee wa ng'ombe wote wamegeuka kutusikiliza.

"Mama, bado umefunga?"

Ningeweza kumweleza. Ningemwambia ya maji, ya Alhamisi, ya vile hatukuelewana. Nilitazama zile chapati, nikasikia njaa nzuri, njaa ya mtu mzima.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Nimefunguliwa."

Hoteli nzima ikasema Alhamdulillahi. Khadija akaniwekea chapati mbili na chai bila kuniuliza. Nikainamisha kichwa nikasema, "Asante, Bwana," nikala.